Aliyerudisha Kanda: Wasifu wa Marehemu Papa Gloire, Bahizire Mushagalusa Patrick (1953–2025)

Ndugu, jamaa na marafiki, kabla ya yote: kila mmoja wenu amepewa karatasi mbili za wasifu huu. Tafadhali msirudishe moja mkidhani walioko mlangoni wamekosea. Tumefanya makusudi. Sababu yake mtaisikia humu humu, mkivumilia. Marehemu mwenyewe aliwapenda watu wanaosikiliza kanda mpaka mwisho.

Wasifu umeandikwa na familia na unasomwa na mdogo wake, Léocadie, ambaye marehemu alimwambia kwa zaidi ya miaka sitini kwamba anaongea sana. Leo hayupo wa kumkatiza, na hilo ndilo linalomuuma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 huko Kabare, karibu na mji wa Bukavu, katika Kivu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Mushagalusa, aliyetengeneza cherehani mbovu katika soko la Mudaka, na Mama Emerance. Alibatizwa kwa jina la Patrick. Mwaka 1972 serikali ilipokataza majina ya kigeni, Patrick likawekwa kando, akabaki Bahizire. Mama yao peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Patrick, tena jikoni tu, mlango ukiwa umefungwa.

Masomo ya msingi aliyapata katika shule ya misheni kuanzia 1959 hadi 1966, mwaka mmoja ukiwa umepotea kwa sababu ya vita. Alipokuwa na miaka kumi na moja, redio ya padri ilinyamaza. Patrick akaomba aitazame. Aliifungua yote juu ya mkeka, akatoa familia nzima ya mende, akaifunga tena, ikaimba. Padri alifurahi mpaka alipoona parafujo moja imebaki mkononi mwa mtoto.

"Na hii?"

"Hiyo ni akiba, Padri. Akiba haiozi."

Viboko alivyopata siku hiyo alivipata kwa ajili ya jibu, siyo kwa ajili ya redio. Baadaye alisoma ufundi wa umeme mjini Bukavu, akahitimu mwezi Julai 1974.

Januari 1975 aliajiriwa kuwa fundi mitambo katika studio ndogo ya parokia moja hapo Bukavu. Walirekodi kwaya, mahubiri na matangazo ya vifo, halafu kanda zikapelekwa redioni. Siku hizo kanda mpya ilikuwa adimu kweli kweli. Kwa hiyo kila Ijumaa fundi alichukua sanduku la kanda za kwaya zilizokwisha kutumika, akazifuta zote, zikangoja waimbaji wa Jumapili. Ndivyo kazi ilivyokuwa, na yeye aliifanya bila kukosa hata wiki moja.

Ni kazi hiyo hiyo iliyompa mke. Alimsikia kabla hajamwona. Kwaya ikiimba, naye akiwa na vidude vyake vya kusikilizia masikioni, alisema kwa sauti, bila kujua kwamba mlango uko wazi: "Yule dada wa kushoto anawahi, anaingia kabla ya wenzake." Wimbo ulipokwisha, dada wa kushoto alitoka kwenye mstari, akaja mpaka kwenye mashine, akauliza, "Ni nani anayewahi?" Huyo ndiye Marie-Jeanne, Mama Gloire wetu. Walifunga ndoa tarehe 28 Julai 1979, Kadutu, Bukavu, na wakati wa kuweka ahadi bwana harusi alionekana akisogeza waya wa kipaza sauti kwa mguu. Walijaliwa watoto watatu: Gloire, Aline na Falone. Kwa miaka arobaini na sita Mama Gloire alikuwa wa kwanza kufika mlangoni akiwa amevaa, na Papa Gloire wa mwisho, akitafuta miwani iliyoko kichwani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo marehemu aliagiza lisomwe. Familia ilisita, na msomaji alisita kuliko wote. Lakini aliagiza mwenyewe, mbele ya watoto wake watatu, na agizo la mgonjwa halichezewi.

Mwezi Novemba 1982 walimu saba walikamatwa Bukavu kwa sababu ya maneno waliyoyasema, wakapelekwa gereza la mbali. Mama zao walikuja studioni kwa siri. Kila mmoja alitaja jina la mwanawe, siku aliyochukuliwa na nguo alizovaa. Kulikuwa na bruda mmoja ambaye angeibeba kanda hiyo Jumatatu hadi Ulaya, kwa watu waliokuwa wakiwatetea wafungwa wa kisiasa. Mtangazaji wa studio, aliyewarekodi, aliogopa msako. Akaificha mahali ambapo askari hatafuti kitu, ndani ya sanduku la kanda za kwaya. Hakumwambia fundi, ili fundi akiulizwa asiwe na la kusema. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa fundi alifuta sanduku zima.

Jumamosi asubuhi mama mmoja muuza mkaa wa Kadutu, Mama Balagizi, alirudi kusikiliza kama alikumbuka kutaja kovu lililo kwenye kidevu cha mwanawe. Ni marehemu aliyemfungulia, naye usiku ule mtangazaji alikuwa amekwisha kumweleza. Angeweza kusema mashine imeharibika, nani angejua? Alisema, "Mama, kanda hiyo nimeifuta mimi." Yule mama aliketi kwenye benchi la kwaya. Halafu akasema, "Basi washa. Nitasema tena." Akasema tena. Kuwatafuta wale wengine sita haikuwezekana. Wengine walikuwa wamekwisha kuhama mji, wengine hofu ilikuwa imewafunga mdomo. Likaenda Ulaya jina moja badala ya saba. Mwalimu Balagizi alitoka gerezani baada ya miaka miwili. Wale sita hatukusikia tena habari zao.

Papa Gloire hakuyajua hata majina yao, maana kanda ile aliifuta bila kuisikiliza, na waliokuwa wakiyajua hawakuthubutu kuyatamka tena. Jambo hilo lilimtesa kuliko yote. Alisema mara nyingi kwamba angalau angeyajua, angeyataja katika sala. Kuanzia siku ile alijiwekea amri mbili: hagusi kanda kabla ya kuisikiliza mpaka mwisho, na kila kitu anatoa nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine. Tulimcheka sana. Hata kadi ya kliniki ya Falone ilikuwa na nakala kwa jirani. "Cheka tu," alikuwa akimwambia dada yake, "siku nyumba yako ikiungua utakuja kwangu kutafuta cheti chako cha ubatizo." Na kweli, mwaka 1996 vita vilipoingia Bukavu na nyumba ya Léocadie ikaungua, cheti kilikuwa kwa kaka yake. Ndicho kilichotumika kumwandikisha kambini.

Familia ilivuka Ziwa Tanganyika, ikafika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwezi Februari 1997. Papa Gloire alitengeneza redio za watu chini ya turubai kwa miaka kumi na miwili, na Falone alizaliwa huko mwaka 1999. Tarehe 17 Septemba 2009 waliwasili Sydney, wakakaa Ingleburn. Alifanya kazi katika ghala moja la mizigo huko huko Ingleburn mpaka alipostaafu mwaka 2018. Ghalani walimwita Paddy, yaani Patrick kwa kifupi, akaitika. Alisema kama amewahi kuitwa Patrick jikoni tu, Paddy haliwezi kumshinda.

Kustaafu kulimkalia vibaya. Alianza kurekebisha vitu ambavyo havijaharibika, mpaka Mama Gloire akampigia simu rafiki yao Térence Niyonzima wa Lidcombe. Térence ni Mrundi wetu. Mchana anatunza wazee, na Jumamosi ana saa moja ya kipindi cha Kiswahili na Kirundi katika redio ndogo ya jamii. "Mchukue huyu mtu," Mama Gloire alimwambia, "kabla hajafungua friji yangu." Térence akamchukua, na kila Jumamosi Papa Gloire akawa anapanda treni kwenda Lidcombe kushughulikia nyaya.

Mwezi Februari 2019 redio hiyo ilikuwa ikihamia vyumba vidogo zaidi. Kando ya pipa kubwa la taka Papa Gloire aliona masanduku manne ya kanda za zamani, zile za gurudumu.

"Hizo ziache, Mzee," Térence alimwambia. "Wamesema hazichezi, na nyingine ziko katika lugha wasiyoijua."

Marehemu aliinama, akasoma ubavuni mwa sanduku. "Ni Kifaransa, Térence. Mimi na wewe tulichapwa kwa sababu ya Kifaransa hiki. Shika upande huo, tubebe."

Zilikuwa kanda thelathini na nane. Katika miaka ya themanini watu wa kujitolea wa redio hiyo walikuwa na kipindi cha kila wiki juu ya watu wa visiwa vya Karibi waliodai uhuru wao, na juu ya wafungwa wao wa kisiasa. Kanda zilikuwa zikiwajia kwa posta. Zile za Kiingereza walizitangaza. Zilizotoka Guadeloupe, ambako baadhi ya waliotaka kujitawala walifungwa ng'ambo ya bahari huko Ufaransa, nyingi ziliwekwa kando kwa kukosa mtu wa kuzieleza. Ndani ya boksi la kanda namba kumi na saba, ya mwaka 1985, kulikuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa. Unyevu ulikuwa umekula anwani, lakini maneno yalisomeka: "Hii ni kanda yetu pekee. Mkimaliza, tafadhali irudisheni. Elvire."

Térence anasema Papa Gloire aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaisoma tena. Halafu akasema neno moja tu: "Amana." Tangu hapo alikuwa na jambo moja la kufanya duniani. Kanda ile ilikuwa ya watu, ilikaa miaka thelathini na nne bila kurudishwa, na yeye, ambaye aliwahi kufuta ya mama saba, hakutaka kufa kabla haijafika kwa mwenyewe.

Haikuwa rahisi. Alipoweka kanda ya kwanza kwenye mashine, ililia na kutoa ungaunga wa kahawia. Aliizima papo hapo. Akauliza mafundi, akasoma, akafahamu kwamba kanda za aina hiyo zinavuta unyevu mpaka zinanata, na dawa yake ni kuzipasha joto dogo kwa saa nyingi ndipo zicheze. Joto dogo kwa saa nyingi! Akamtazama mkewe. Mama Gloire alikuwa na mashine ya kukaushia vyakula, iliyowekwa gereji, na kazi yake moja ilikuwa kukausha samaki wadogo ili wafanane na sambaza wa Ziwa Kivu.

Mama Gloire alikwenda Penrith kwa Gloire siku tatu kuwaona wajukuu. Aliporudi akafungua mashine yake, akakuta magurudumu ya kanda yamepangwa safi kama mikate.

"Papa Gloire! Sambaza wangu wako wapi?"

"Wako kwenye friji. Hawa ni wafungwa, wana haraka zaidi."

Shida ni kwamba hakuosha zile trei. Alizifuta kwa kitambaa tu. Aah, fundi mzima! Majuto ni mjukuu: kanda za ukombozi za Karibi zikachukua harufu ya samaki, na haikutoka tena. Alipopeleka nakala kwenye maktaba moja inayohifadhi sauti za zamani, mama aliyezipokea alinusa, akauliza kwa adabu zilikuwa zimehifadhiwa wapi. Papa Gloire akajibu, "Ziwani." Térence alicheka mpaka akatoka nje.

Kanda zikacheza. Kila Jumapili baada ya ibada marehemu aliketi mezani jikoni na Falone. Baba alisikiliza Kifaransa, akakieleza kwa Kiswahili, Falone akaandika kwa Kiingereza ili redio na maktaba wapate kuelewa. Mnajua watoto wetu. Falone Kiswahili alikisikia chote, lakini ukimwuliza kama amekula anakujibu kwa Kiingereza. Mwanzoni alikuwa akiguna, "Dad, slow down." Lakini neno likimshinda ilimbidi aulize, na baba hakujibu swali la Kiingereza ukutani kukiwa na picha ya bibi Emerance. Kufika kanda ya ishirini walikuwa wanabishana kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Mama Gloire alifunga mlango, huku akitabasamu.

Kanda namba kumi na saba waliisikiliza mpaka mwisho, kama amri ilivyo. Elvire anazungumza na mumewe aliye gerezani. Anamweleza habari za mvua na paa. Mtoto mchanga analia karibu na kipaza sauti, na Elvire anacheka: "Unamsikia? Huyu amechukua mapafu yako." Halafu sauti yake inatulia, anasoma majina ya wafungwa kumi na mmoja, moja baada ya jingine, bila haraka. Papa Gloire aliyaandika yote. Nakala mbili.

Kumtafuta Elvire kulichukua miaka mitano. Waliandika kwa vyama, kwa parokia, kwa redio za huko. Barua tatu zilirudi. Mwezi Mei 2023 figo za marehemu zilianza kushindwa, akawa anaunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu hospitalini mara tatu kwa wiki. Wauguzi walimzoea na vidude vyake masikioni. Aline, ambaye naye ni mtunza wagonjwa, alimwomba apumzike. Alimjibu, "Binti yangu, hapa nimelazwa, nimefungiwa nyaya, unataka nipumzike namna gani zaidi?"

Januari 2025 ilikuja barua pepe kutoka Guadeloupe. Aliyeandika alikuwa yule mtoto mchanga, sasa mwalimu mwenye miaka arobaini. Mama yake Elvire yu hai. Baba yake alitoka gerezani, akaishi miaka mingi, akafariki bila kuisikia kanda ile, maana haikumfikia. Papa Gloire alilia mbele yetu sote, bila kujificha. Kisha akamwandikia Elvire barua ndefu kwa mkono. Alimwambia yote, pamoja na habari za mama saba wa Bukavu, jina la Balagizi na majina sita ambayo hakuyasikia.

Nakala moja ilibaki Penrith kwa Gloire, nyingine maktaba. Mwezi Juni kanda yenyewe ikatumwa kwa posta, imefungwa kwenye kitenge cha Mama Gloire. Wiki ya kwanza ikapita. Ya tatu. Ya sita. Daktari alituita, akatuambia kwamba mwili umechoka na muda ni mfupi. Yeye hakuuliza habari za mwili. Kila tukiingia chumbani aliuliza, "Imefika?" Tukajibu, "Bado." Akasema, "Basi na mimi bado."

Jumapili tarehe 3 Agosti simu ya Falone ilipokea ujumbe wa sauti. Akauweka karibu na sikio la baba. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, ya polepole, na Falone aliyaandika maneno yake kwa Kiswahili kama baba yake alivyoyaeleza kitandani:

"Bwana Patrick, imefika. Inanuka samaki, na mjukuu wangu anasema ni bahari yenyewe. Binti yangu ameisikia sauti yake mwenyewe akilia. Mimi nimeisikia yangu nikiwa msichana. Kila mwaka sisi hukutana na kusoma majina ya wafungwa wetu, wasisahaulike. Mwaka huu tumeongeza. Tumesoma Balagizi, mwalimu wa Bukavu. Na baada yake tumesema: na wenzake sita, ambao mama zao waliwataja. Watu wote waliitikia, wapo."

Aliisikiliza mara tatu, mpaka mwisho kila mara. Akamshika Falone mkono, akamwambia, "Toa mbili." Hayo si maneno yake ya mwisho; ya mwisho alimwambia Mama Gloire, na hayo ni yake. Alifariki Alhamisi tarehe 7 Agosti 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mkewe na watoto wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Safari hii yeye ndiye aliyewahi.

Marehemu ameacha mjane, Mama Gloire, Marie-Jeanne. Watoto watatu, Gloire na mkewe, Aline na mumewe, na Falone, ambaye tangu Jumamosi iliyopita ndiye anayeshughulikia nyaya pamoja na Térence. Wajukuu watano, mkubwa wao Belyse. Dada yake Léocadie. Na sisi sote tulioitikia msiba huu. Ameacha pia kanda thelathini na saba ambazo bado hazijapata wenyewe, na Falone amekwisha kuandika barua ya kwanza.

Karatasi moja kati ya hizo mbili ni yako. Ya pili mpelekee mtu ambaye hakuweza kufika hapa leo, awe Bukavu, Nyarugusu au Penrith. Usiiache kwenye gari.

Lala, Yaya, kaka yangu mkubwa. Mungu akupokee na kukupumzisha kwa amani yake. Tumekusikiliza mpaka mwisho.